Ateri ya Shingo Ikichanika: Kwa Nini Mara Nyingi Hakuna Kisu

Neno moja linatuchanganya: mshipa. Ukiamka shingo imekakamaa kwa kulala vibaya, unasema mshipa umekaza. Neva ikibanwa, ni mshipa. Msuli ukivutika, ni mshipa. Hata ngiri wapo wanaoiita mshipa. Kwa hiyo habari inaposambaa kwamba kijana fulani, mzima wa afya, amepata kiharusi kwa sababu mshipa wa shingo umechanika, kila mtu anaielewa kivyake. Mmoja anadhani ni msuli uliokatika. Mwingine anawazia damu ikibubujika ndani ya shingo. Wa tatu anauliza kwa nini mgonjwa hajakimbizwa chumba cha upasuaji akashonwe, na akisikia kwamba amepewa vidonge na kuambiwa atulie, anaona ndugu yake ametelekezwa.

Swali la huyo wa tatu ndilo lililonisukuma kuandika. Kukaa kando ya kitanda ukijua kitu kimechanika ndani ya shingo ya mtu umpendaye, halafu usione mtu akishika sindano wala uzi, ni mateso. Lakini katika ugonjwa huu, kutokupasua mara nyingi ndiyo tiba yenyewe. Ili hilo lieleweke, inabidi kwanza tujue ni mshipa gani na umechanikaje.

Njia nne za kwenda ubongoni

Tunazungumzia ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hupokea takriban asilimia 15 ya damu yote ambayo moyo unaisukuma mtu akiwa ametulia. Damu hiyo hupanda kupitia ateri nne za shingo. Mbili ziko mbele, kulia na kushoto, na huitwa karotidi. Ukiweka vidole viwili taratibu kando ya koo, kile kinachodunda ndiyo yenyewe. Mbili nyingine ziko nyuma na huwezi kuzigusa, kwa sababu zinapita ndani ya matundu ya pingili za shingo, pingili baada ya pingili, kama uzi uliotungiwa shanga. Hizo ni ateri za vetebra.

Zikifika chini ya ubongo, zote nne huunganishwa na mishipa midogo inayofanya duara. Daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza duara hilo mwaka 1664 na bado linaitwa kwa jina lake. Linafanya kazi kama mzunguko wa barabara: njia moja ikifungwa, magari ya njia nyingine yanazunguka na kufika kulekule. Tatizo ni kwamba watu wengi huzaliwa na duara ambalo halijakamilika, kipande fulani kikiwa chembamba mno au hakipo kabisa. Shikilia jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Bitana iliyofumuka

Ukuta wa ateri si bomba la kitu kimoja. Una tabaka tatu: la ndani ni laini na jembamba, la kati lina misuli na nyuzi zinazonyumbuka, la nje ni gumu na ndilo linaloshikilia umbo.

Umewahi kuvaa koti ambalo bitana ya mkono imefumuka? Unaingiza mkono, lakini badala ya kupita palipokusudiwa, vidole vinapenya kwenye mfumuko na kuingia kati ya bitana na kitambaa. Unasukuma, na kadiri unavyosukuma bitana inazidi kuachana na kitambaa, mpaka mkono unakwama. Ukiliangalia koti kwa nje huoni tundu lolote.

Hicho ndicho kinachotokea shingoni. Tabaka la ndani linachanika kidogo, damu yenye shinikizo inapenya kwenye mchaniko, na badala ya kupita kwenye njia yake inajichimbia njia ya uongo ndani ya ukuta. Kwa kawaida damu haimwagiki nje. Kuna mtu anasema mshipa umepasuka na mwingine anasema umechanika, wakidhani ni jambo moja, kumbe tofauti yake ni kubwa. Kupasuka ni damu kutoka nje ya mshipa. Kuchanika tunakokuzungumzia hapa ni damu kuingia ndani ya ukuta wa mshipa.

Hatari iko wapi, basi, kama damu haimwagiki? Iko katika mambo mawili. Damu iliyonasa ukutani huvimba na kuibana njia halali, wakati mwingine mpaka ikaziba kabisa. La pili ndilo linaloleta viharusi vingi zaidi: pale bitana ilipofumuka, damu hukutana na sehemu zisizo laini, nayo huganda. Bonge dogo likibanduka, husafiri na mkondo wa damu hadi ubongoni na kuziba kimshipa huko. Mchaniko uko shingoni, lakini anayeumia ni ubongo. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini adui wa kwanza wa daktari ni bonge, si mchaniko.

Ugonjwa wenyewe si wa kila siku. Makadirio yanayotumika sana ni watu kama 3 katika kila 100,000 kwa mwaka. Ukichukua viharusi vyote vinavyotokana na kuziba kwa mishipa, huu unasababisha kama asilimia 2 tu. Lakini ukiwatazama vijana na watu wa makamo peke yao, sehemu hiyo hupanda hadi kati ya asilimia 10 na 25. Wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka ya arobaini na kitu, wakati mtu ana watoto wadogo na kazi nyingi mikononi. Ndiyo maana habari zake hushtua.

Imetoka wapi?

Wakati mwingine sababu inaonekana: ajali ya gari ambayo shingo ilirushwa mbele na nyuma, kabali katika mchezo wa mieleka, anguko. Mara nyingi, hata hivyo, ni jambo dogo mno, kama kukohoa kwa nguvu, kutapika sana au kugeuza shingo ghafla, na wapo wengi wasiokumbuka chochote. Baadhi wana nyuzi dhaifu za kuzaliwa katika kuta za mishipa, kama watu wenye ugonjwa wa Marfan au aina ya Ehlers-Danlos inayoshambulia mishipa ya damu. Shinikizo la juu la damu, kipandauso na maambukizi ya hivi karibuni pia yameonekana kuambatana nao.

Na ile tabia ya kuzungushwa shingo kwa nguvu mpaka ilie? Uhusiano upo, na mimi binafsi singemruhusu mtu anizungushe shingo kwa kishindo. Ila haki ya mambo ni kusema pia kwamba ateri iliyokwisha kuchanika huuma shingo, na mwenye shingo inayouma ndiye anayekwenda kutafuta wa kumnyoosha. Kwa hiyo si rahisi kila mara kujua kipi kilitangulia. Lililo wazi ni kwamba shingo yenye maumivu mapya, makali, ya upande mmoja, haifai kukandwa wala kuvutwa kabla haijapimwa.

Maumivu hayo yana sura yake. Wagonjwa wengi husema hawajawahi kuumwa hivyo. Karotidi ikichanika, maumivu hukaa upande mmoja wa shingo, uso au kuzunguka jicho. Ateri ya vetebra huuma kisogoni na nyuma ya shingo. Kuna dalili moja ndogo ambayo ningependa kila mtu aijue: kope ya jicho moja kulegea na mboni ya jicho hilohilo kuwa ndogo kuliko mwenzake. Hiyo hutokea kwa sababu kuna neva nyembamba zinazopanda kichwani zikiwa zimeizunguka karotidi, na ukuta wake ukivimba, nazo huumia. Mwingine husikia mapigo ya moyo wake sikioni, shwaa, shwaa, hasa usiku. Kisha huja kiharusi chenyewe: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kupotea, au kizunguzungu kikali chenye kutapika na kuona vitu viwiliviwili. Kati ya maumivu na kiharusi zinaweza kupita saa, siku, hata wiki. Huo ndio muda wa kuokoa mtu, na ndio muda ambao wengi hupoteza wakijipaka dawa ya kuchua.

Kwa nini hawashoni?

Rudi kwenye koti. Fundi akitaka kushona bitana ya ndani ya mkono, analigeuza koti nje ndani. Ateri haigeuzwi. Kuifikia bitana yake ni lazima uisimamishe damu, uukate ukuta mzima, ndipo ufike ndani. Na unausimamisha mto unaolisha ubongo.

Kisha kuna suala la mahali. Karotidi huchanika kwa kawaida sentimita chache juu ya pale inapogawanyika, na mchaniko hupanda kuelekea chini ya fuvu, nyuma ya taya. Huko kumesongamana neva za kumeza, za sauti, za ulimi na za uso. Mpasuaji stadi anaweza kufika, lakini mgonjwa anaweza kuamka sauti imekauka au hawezi kumeza vizuri. Vetebra ni ngumu zaidi, maana iko ndani ya mifupa na hupenda kuchanika karibu na pingili mbili za juu kabisa, pale shingo inapogeukia.

Hata hayo yote yangevumilika kama kusingekuwa na njia nyingine. Lakini ipo: ateri hizi hupona zenyewe. Damu iliyonasa ukutani hufyonzwa taratibu, bitana hulala tena mahali pake, na njia hufunguka. Ateri nyingi zilizobanwa hufunguka ndani ya miezi 3 hadi 6. Kinachotakiwa ni kuzuia mabonge wakati mwili unafanya kazi hiyo, na hapo ndipo vidonge vinapoingia. Vidonge ambavyo ndugu walividharau ndiyo ulinzi wenyewe.

Dawa hizo ni za makundi mawili. Lipo kundi la aspirini, linalozuia chembe sahani za damu zisishikamane, na lipo kundi la heparini na warfarini, linalozuia damu kuganda kwa njia nyingine. Lipi bora? Utafiti uliotangazwa mwaka 2015, uliofanyika Uingereza na Australia na kuwahusisha wagonjwa 250, uliyalinganisha. Katika miezi 3, watu 3 kati ya 126 wa kundi la aspirini na wenzake walipata kiharusi, dhidi ya mtu 1 kati ya 124 wa kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kutangaza mshindi. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, wa wagonjwa 194, ulijaribu kuthibitisha kwamba aspirini si dhaifu kuliko kundi la pili, haukufanikiwa. Kwa hiyo madaktari wawili wazuri wanaweza kuchagua tofauti, na hakuna aliyekosea. Wanapima hatari ya bonge dhidi ya hatari ya kutokwa damu kwa mgonjwa aliye mbele yao. Mimi kinachonigusa katika takwimu zile za 2015 si ushindani wa dawa. Ni kwamba kati ya watu 250 waliotibiwa kwa dawa, waliopata kiharusi kingine ni 4. Mpasuaji anayetaka kushika kisu inabidi ashindane na idadi hiyo.

Pale mkono wa mpasuaji unapohitajika

Wapo ambao dawa haziwatoshi. Mtu anatumia dawa ipasavyo na bado viharusi vidogo vinamrudia. Mwingine njia imebanwa mno, na duara la Willis lake ni pungufu, kwa hiyo akikaa wima tu mkono unakufa ganzi kwa kukosa damu. Mwingine ana kidonda cha tumbo kinachovuja, hawezi kupewa dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Na wapo ambao ukuta uliodhoofika umetuna nje kama puto linalozidi kukua, likibana neva za jirani. Puto kama hilo likiwa shingoni hupasuka kwa nadra sana, na mengi huachwa yalivyo na kupigwa picha mara kwa mara. Linaloendelea kukua ndilo linaloshughulikiwa.

Siku hizi, kushughulikia huko huanza kwa tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono, shingo yenyewe ikiachwa bila jeraha. Mrija mwembamba, katheta, hupitishwa ndani ya ateri hadi shingoni, daktari akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Kisha hutangulizwa waya mwembamba kuvuka sehemu iliyochanika. Hapa ndipo penye mtihani wote. Waya ukipotea na kuingia kwenye njia ya uongo, kati ya bitana na kitambaa, utazidi kuifumua. Kwa hiyo daktari hupiga dawa ya rangi kidogokidogo ili aone ni njia ipi inayofika ubongoni. Akiwa na hakika, hupandisha stenti, kijibomba cha matundumatundu ya chuma kama wavu, na kuifungua. Stenti inaikandamiza bitana irudi ukutani na kuifunga njia ya uongo. Panapokuwa na puto, hutumika stenti ya wavu mnene zaidi inayoelekeza damu ipite moja kwa moja, au puto hujazwa nyuzi laini za chuma zilizojikunja mpaka damu iliyomo igande.

Usidhani stenti inamwondolea mtu vidonge. Ni kinyume chake. Chuma kipya ndani ya ateri kinavutia mabonge, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa mbili pamoja, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, kwa miezi kadhaa. Asiyeweza kuzitumia anakuwa na sababu moja zaidi ya kutowekewa stenti.

Mgonjwa aliyefika na kiharusi kinachoendelea ni habari nyingine, na saa inahesabu. Akiwahi ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha bonge, na mchaniko wa shingoni peke yake haumzuii kuipata. Kama bonge limeziba ateri kubwa ya ubongo, katheta hupanda kulivuta nje. Hapo linatangulizwa bonge la ubongoni, kisha ndipo inaamuliwa kama ateri ya shingo nayo iwekewe stenti au iachwe.

Mchaniko ukipanda hadi ndani ya fuvu, kanuni hubadilika. Ateri za huko zina ukuta mwembamba zaidi, na damu inaweza kutoboa tabaka la nje na kumwagikia kuzunguka ubongo. Ikimwagika hivyo, kusubiri hakuna, na dawa za kuzuia kuganda huwa hatari. Hali kadhalika shingo iliyochomwa kisu au kupigwa risasi: damu inayotoka hudai mpasuaji papo hapo, kwa kisu cha kawaida.

Upasuaji wa wazi, basi, haujafa. Kipande kilichoharibika kinaweza kukatwa na kuungwa kwa vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, uliotolewa mguuni kwa mgonjwa mwenyewe. Njia nyingine ni kujenga barabara ya mchepuko: ateri ndogo inayopita chini ya ngozi ya kichwa mbele ya sikio inaunganishwa na ateri ya ubongo kupitia tundu la fuvu. Gazi Yaşargil aliifanya kwa mara ya kwanza kwa binadamu huko Zürich mwaka 1967, akitazama kwa darubini ya upasuaji.

Na ipo njia ya kale kuliko zote: kuifunga ateri kabisa. Mwaka 1805, jijini London, Astley Cooper aliifunga karotidi ya mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa ateri, na mwanamke huyo akafariki. Mwaka 1808 alimfunga mgonjwa mwingine, naye akaishi miaka 13 zaidi. Kwa nini mmoja alinusurika na mwingine asinusurike? Kulikuwa na mengi, uambukizo ukiwemo, lakini swali ambalo Cooper hakuwa na namna ya kulipima ni kama duara la Willis lingetosha. Leo linapimwa. Kabla ya kuifunga ateri moja kwa moja, daktari huizuia kwa puto dogo kwa muda wa kama nusu saa, mgonjwa akiwa macho. Anaambiwa ahesabu, ainue mkono, ataje majina ya vitu. Akisita kutamka au mkono ukishuka, puto linatolewa hapohapo na mpango unabadilishwa.

Si ile ya kusafisha mafuta

Mkanganyiko mmoja lazima niuguse, kwa sababu unawapoteza hata wasomi. Kuna operesheni maarufu ya karotidi ambayo daktari hufungua ateri na kuondoa utando wa mafuta na chokaa ulioganda ukutani kwa miaka mingi. Hiyo imekuwepo tangu miaka ya 1950 na imeokoa wengi, hasa wazee wenye ateri iliyosakamwa. Watu husoma habari zake kisha humwuliza daktari kwa nini kijana wao mwenye mchaniko hafanyiwi. Jibu ni kwamba hakuna cha kusafisha. Utando wa mafuta hauondoki wenyewe na huzidi mwaka hadi mwaka, ilhali ukuta uliochanika unapona. Tena utando hukaa pale karotidi inapogawanyika, mahali panapofikika, wakati mchaniko uko juu zaidi.

Ukiwa ndugu wa mgonjwa na unataka kuuliza jambo la maana, uliza mchaniko uko shingoni au umeingia ndani ya fuvu. Uliza kama damu bado inapita, na kama ubongo unapata ya kutosha kutoka upande mwingine. Uliza ni dawa gani, kwa muda gani, na ni dalili ipi itawafanya wabadili mpango. Daktari aliyeamua kutopasua anapaswa kuwa na majibu ya maswali hayo bila kukasirika.

Baada ya hapo ni miezi ya kuwa mwangalifu: dawa bila kuruka, shinikizo la damu kudhibitiwa, kutonyanyua vitu vizito mpaka daktari aruhusu, na shingo kutokabidhiwa kwa mtu yeyote wa kuinyoosha. Mchaniko kujirudia si jambo la kawaida, na hatari yake ni kubwa zaidi katika wiki za mwanzo. Kati ya miezi 3 na 6 hupigwa picha nyingine ya CT au MRI. Wengi huonyeshwa ateri iliyofunguka. Wachache huambiwa kwamba yao imeziba moja kwa moja na haitafunguliwa, na hao hushtuka upya, kana kwamba ndiyo siku ya kwanza. Lakini ateri iliyokwisha kuziba kabisa kwa miezi, bila dalili mpya, haitumi tena mabonge, na kuilazimisha ifunguke kunaweza kuyaamsha. Mtu huyo anatembea, anaongea, anafanya kazi kwa ateri tatu, kwa kuwa lile duara lilikwisha kuichukua kazi ya ile ya nne.